Kabla ya Kisu, Zungumzeni na Mwenye Bega

Kuna maneno nayasikia karibu kila ninapokwenda kumpa pole mtu aliyetoka kupasuliwa bega. Mgonjwa ameketi sebuleni, mkono umening'inizwa shingoni kwa mkanda, mto umewekwa chini ya kiwiko. Wageni wanaingia na mifuko yao ya machungwa. Wa kwanza anasema, "Pole mwaya, usije ukauchezesha huo mkono, nyuzi zitaachia." Wa pili anamkumbuka shemeji yake aliyepasuliwa hivyo hivyo, "na mpaka leo mkono umebaki pambo." Wa tatu anataka kujua kwa nini hakupelekwa kwanza kwa yule mzee wa kuunga mifupa kule kijijini. Mgonjwa anaitikia yote kwa kichwa, na kila neno linamwingia. Wageni wakishaaga, amebaki na machungwa na hofu.

Siwalaumu. Kumtembelea mgonjwa ni katika mema tuliyorithi, na asiyetembelewa huumwa mara mbili. Lakini maneno hayo yanaendelea kufanya kazi mwilini mwa mgonjwa muda mrefu baada ya machungwa kuisha. Msimamo wangu ni huu: hofu ya mgonjwa, matarajio yake, huzuni yake na imani yake kwamba mkono utarudi ni sehemu ya tiba ya bega sawa na dawa ya maumivu. Hospitali inayompasua mtu bila kukaa naye kuyazungumza hayo imemaliza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki inalipiwa na familia, tena kwa bei ya juu.

Kisu saa mbili, kazi miezi sita

Bega ndicho kiungo kinachozunguka kuliko vyote mwilini. Kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemea kwenye kikombe kidogo, chenye kina kifupi, na kinachokishikilia pale ni mfuko wa kiungo pamoja na misuli minne ambayo kano zake zimekizingira. Uhuru huo una gharama zake. Kano huchakaa kwa umri, huchanika kwa kazi za kunyanyua mikono juu kutwa nzima kama za mpaka rangi na fundi wa dari, au hukatika siku moja mtu anapodondoka na bodaboda. Wengine bega huteguka na kurudi, huteguka na kurudi, mpaka lifungwe kwa upasuaji.

Daktari bingwa wa mifupa akishazishona kano, yanayofuata hufanana karibu kila mahali, ingawa ratiba kamili hutegemea ukubwa wa mchaniko. Mkono hukaa kwenye mkanda wiki nne hadi sita. Kisha, au hata katikati ya kipindi hicho, yanaanza mazoezi ambayo mtu akiyatazama anaweza kudhani ni mchezo wa watoto. Mgonjwa anainama mbele ya meza, mkono mzima umeshika ukingo, ule ulioshonwa anauachia uning'inie. Anauyumbisha mwili taratibu kutoka kiunoni, na mkono unachora duara hewani, dogo, la upana wa kisahani. Baadaye inakuja kamba iliyopitishwa juu ya mlango, mkono mzima ukimpandisha mwenzake. Halafu vidole vinapanda ukutani: wiki hii vimefika usawa wa kidevu, wiki ijayo usawa wa jicho. Mazoezi ya nguvu huanza kama wiki ya 12, na kazi nzito husubiri miezi sita, pengine mwaka.

Hebu piga hesabu. Daktari amefanya kazi saa moja au mbili, na muda wote huo mgonjwa yuko kwenye nusu kaputi. Miezi iliyobaki mgonjwa yuko macho, nyumbani kwake, mara nyingi bila mtaalamu wa fiziotherapia karibu, na kila asubuhi anaamua mwenyewe: niufanye huu mzunguko unaouma, au nisubiri kesho? Uamuzi huo haufanywi na kano. Unafanywa na mtu ambaye jana usiku hakulala kwa sababu kila akigeuka bega linamwamsha, ambaye kodi ya nyumba inakaribia, na ambaye mgeni wa mwisho alimwachia hadithi ya shemeji mwenye mkono wa pambo.

Mbwa wa nyumba iliyoibiwa

Wengi wetu tunaamini kwamba maumivu ni kipimo cha uharibifu: yakiwa makali, kuna kitu kimekatika, yakiwa madogo, mambo ni shwari. Sayansi iliachana na hesabu hiyo zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, daktari wa Marekani Henry Beecher aliwahoji askari waliojeruhiwa vibaya katika uwanja wa vita wa Italia. Mwaka 1946 aliandika kwamba karibu robo tatu yao, ijapokuwa walikuwa wamekaa saa kadhaa bila mofini, hawakuwa na maumivu ya kuwafanya waombe dawa. Beecher alikuwa na maelezo yake: kwa askari, jeraha lilikuwa na maana ya kutoka vitani akiwa hai. Kwa raia wa kawaida, kisu kina maana nyingine kabisa: kukosa kazi, madeni, pengine kilema. Kidonda kinaweza kufanana, lakini hali ya mwenye kidonda ikawa tofauti.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza namna jambo hilo linavyowezekana. Ndani ya uti wa mgongo, walisema, kuna kama lango ambalo habari za maumivu hupitia, na ubongo una uwezo wa kulifungua zaidi au kulibana. Nadharia yao imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini kiini chake kimebaki: ubongo hupima hatari kwanza, ndipo mtu akasikia maumivu makali au hafifu. Na mfumo wa fahamu wa mtu aliyeumia hufanana na mbwa wa nyumba iliyoibiwa juzi. Anambwekea mwizi, anambwekea muuza maziwa, mwisho anambwekea hata mwenye nyumba akirudi usiku. Kelele ni za kweli. Mwizi ndiye hayupo.

Wahenga walishayasema haya kwa ufupi: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wanasaikolojia Johan Vlaeyen wa Uholanzi na Steven Linton wa Sweden waliichora njia ya mshtuko huo katika makala yao ya mwaka 2000. Mtu anasikia maumivu. Akiyachukulia kuwa ni hatua ya kupona, anaendelea kusogea na hali inatengemaa. Akiyachukulia kuwa ni balaa, anaogopa. Akiogopa, anakwepa kusogeza kiungo. Akikwepa, misuli inasinyaa na mfuko wa kiungo unakaza. Siku akijaribu tena, inauma zaidi, na hofu inapata ushahidi. Bega huadhibu kukwepa haraka kuliko viungo vingi. Ukiliacha limelala kupita muda uliopangwa, linaganda, na kuligandua huchukua miezi. Mwenye kisukari yuko kwenye hatari hiyo zaidi.

Hofu ya namna hii inapimika. Tangu mwaka 1991 kuna dodoso la sentensi 17, linaloitwa kwa jina la mji wa Tampa huko Marekani, la kupima woga wa kusogeza kiungo. Mwaka 1995 Michael Sullivan na wenzake huko Kanada walitunga jingine la sentensi 13 linalopima kiasi ambacho mtu huyakuza maumivu yake akilini: kama anayawaza bila kupumzika, kama anaona hayataisha kamwe, kama anajiona hana la kufanya. Kulijaza ni suala la dakika chache, kwa kalamu na karatasi. Ni wangapi kati ya tuliopasuliwa, au tuliouguza waliopasuliwa, tumewahi kuulizwa hata sentensi moja ya aina hiyo?

Maneno yaliyopunguza dawa kwa nusu

Msomaji anaweza kusema haya ni mambo ya vitabuni. Basi twende wodini. Mwaka 1964 madaktari wa ganzi wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston, walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa wagonjwa 97 waliokuwa wanapasuliwa tumbo. Baadhi ya wagonjwa, usiku wa kuamkia upasuaji, daktari wa ganzi alikaa nao akawaeleza: maumivu yatakuwa sehemu hii, yatakuwa makali kiasi hiki, yatadumu muda huu, ni ya kawaida, na ukilegeza misuli hivi yatapungua. Wengine hawakuelezwa hayo. Walioelezwa walitumia karibu nusu ya dawa kali za maumivu walizotumia wenzao, na waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi. Hakuna kifaa kilichonunuliwa. Hakuna dawa mpya iliyotengenezwa. Palikuwa na kiti kando ya kitanda, na mtu aliyekikalia.

Turudi kwenye bega. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba wagonjwa waliokwenda kushonwa kano za bega wakiwa na matarajio makubwa zaidi ya kupona walipata matokeo bora kuliko waliokwenda wamekata tamaa, hata baada ya kuzingatia tofauti nyingine kati yao. Kuna jambo la ajabu zaidi. Mwaka 2004 madaktari wengine wa huko huko walitoa taarifa ya wagonjwa 18 waliokuwa na michaniko mikubwa ya kano. Walipowapima kwa ultrasound, kano za wagonjwa 17 zilikuwa zimeachia tena. Hata hivyo wengi wao, mwaka mmoja baada ya upasuaji, maumivu yalikuwa yamepungua sana na mkono ulifanya kazi kuliko awali, ijapokuwa baadhi walirudi nyuma kiasi katika mwaka wa pili. Na kinyume chake kipo pia: mwaka 1995 watafiti waliwapiga picha za MRI watu 96 ambao hawakuwa na shida yoyote ya bega, na karibu theluthi moja yao wakakutwa na michaniko ya kano. Picha na maumivu havitembei pamoja kila siku.

Uingereza walikwenda mbali zaidi. Katika jaribio lililohusisha wagonjwa 313 kwenye hospitali 32, lililotangazwa mwishoni mwa mwaka 2017, kundi moja lilifanyiwa upasuaji uliozoeleka wa kuchonga mfupa ulio juu ya kano ili kupanua nafasi. Kundi la pili liliingizwa kamera begani na kutolewa, bila kuchongwa chochote. Kundi la tatu halikufanyiwa kitu. Waliochongwa na walioingizwa kamera tupu walipata nafuu inayolingana, na tofauti yao na wale ambao hawakuguswa ilikuwa ndogo. Nani aliwaponya wale wa kamera tupu? Huenda ni muda, pumziko, mazoezi, na kule kuamini kwamba wametibiwa. Nisieleweke vibaya: jaribio hilo lilihusu aina moja tu ya upasuaji. Halisemi kwamba mfupa uliovunjika usiungwe au bega linalochomoka lisifungwe. Linasema kwamba hata palipo na kisu, kisu hakiko peke yake mwilini.

"Kwa hiyo tunajifanya?"

Hapa ndipo mgonjwa hukasirika, na ana haki. Amekesha na bega linalowaka moto, kisha anakuja mwandishi wa gazeti kumwambia mambo yako kichwani. Wapo wauguzi na madaktari waliowahi kulitamka hilo kwa ukali: "Huyu anadeka tu." Kauli hiyo ni ya kikatili na ni ya uongo. Maumivu yanayochochewa na hofu huuma sawasawa na yanayochochewa na kisu, kwa sababu yote hutengenezwa mahali pamoja, ubongoni. Kumwambia mtu anaogopa hakumaanishi kwamba anadanganya. Kunamaanisha kuna jambo la pili la kutibu.

Tena huzuni na maumivu hufuatana pande zote mbili. Mtu aliyeishi mwaka mzima na bega lisilomruhusu kulala atakuwa na sonono. Ni ajabu asipokuwa nayo. Wengi wa namna hiyo huchangamka baada ya upasuaji, usingizi ukirudi. Kwa hiyo daktari asiitumie karatasi ya maswali kuwanyima upasuaji wenye wasiwasi. Aitumie kujua nani anahitaji kushikwa mkono zaidi.

Na si kila kitu ni hofu. Umri, ukubwa wa mchaniko, kisukari na sigara vyote huamua kano itashika au haitashika. Homa, usaha, uvimbe unaoongezeka, vidole vinavyokufa ganzi, au maumivu yaliyolipuka ghafla baada ya kuanguka, hayo ni ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Anayemtuliza mgonjwa wa namna hiyo kwa maneno matamu anamwangamiza. Kinachotakiwa ni mgonjwa ajue mapema tofauti ya maumivu ya kazi na maumivu ya hatari. Asipoelezwa, ataiokota kwa wageni.

Wanaume ndio huumia zaidi kwa kunyamaza. Mwanamume aliyezoea kubeba mfuko wa saruji hataki kusikika akisema anaogopa kunyanyua kikombe. Atasema yuko bize, atasema nauli imekosekana, atasema atakwenda kliniki wiki ijayo. Mficha maradhi kifo humuumbua; mficha hofu huumbuliwa na bega lililoganda.

Hesabu inayoishia jikoni

Chukua kaya ya fundi cherehani. Mkono wa kulia ndio unaoongoza kitambaa, ndio unaokata, ndio unaopiga pasi. Umepasuliwa. Akirudi kazini mwezi wa nne kwa kazi nyepesi, wateja watakuwa wamemsubiri, na wachache tu watakuwa wamehamia kwa jirani. Asiporudi mpaka mwezi wa kumi kwa sababu bega limekaza, cherehani imeshauzwa kulipa ada, binti mkubwa ameacha masomo ya ziada ili apike na kufua, na mume au mke amechukua mkopo wa kikundi. Kano zilishonwa vizuri. Hakuna kosa la kitabibu litakaloandikwa popote. Lakini nyumba imeyumba.

Kuna hasara ndogo ambazo hazimo kwenye takwimu yoyote. Mama ambaye hawezi kusuka nywele za mwanawe, wala kufunga sidiria yake mwenyewe bila kumwita mtu. Mzee ambaye hafikishi mikono masikioni kwa takbira, akaanza kusali nyumbani kwa aibu. Kijana anayeacha kupanda daladala kwa sababu hawezi kushika bomba la juu na anaogopa kusukumwa. Kila mmoja wao amepunguza maisha yake kidogo kidogo ili asiumie, na kila alichokiacha kimempa sababu zaidi ya kuwa na huzuni.

Huko Marekani imeonekana mara nyingi kwamba wafanyakazi wanaopasuliwa bega huku wakifuatilia madai ya fidia ya kuumia kazini hupata matokeo duni kuliko wengine. Wepesi wa kuhukumu husema wanavuta muda ili walipwe. Mimi naona mtu mwenye kazi nzito ya kurudia, asiyejua kama kibarua chake bado kipo, anayetakiwa kuthibitisha ugonjwa wake kila mwezi mbele ya ofisi. Nani angepona vizuri hivyo? Mwajiri anayempigia simu mfanyakazi wake kumwambia "nafasi yako ipo, utaanza na kazi za mezani" amempa dawa ambayo haiuzwi duka lolote.

Tulishaweza kwenye Ukimwi

Nikisema hospitali zizungumze na wagonjwa kabla ya kisu, jibu linajulikana: madaktari wachache, foleni ndefu, wanasaikolojia ndio kabisa hawapo. Ni kweli. Lakini tumesahau haraka. Ukimwi ulipotuingia, nchi zetu zilijifunza kwamba kipimo bila mazungumzo kinaweza kumwua mtu kwa mshtuko, au kumfanya akimbie dawa. Tukaanzisha ushauri nasaha, kabla ya kupima na baada ya kupima. Wauguzi wakafunzwa, watu wa kawaida wanaoishi na virusi wakafunzwa, vyumba vidogo vikatengwa hata kwenye vituo vya afya vya vijijini. Leo hata mtoto wa shule anajua ushauri nasaha ni nini. Kwa nini ustadi huo tumeufungia kwenye mlango mmoja tu wa hospitali?

Zimbabwe wamelijibu swali la uhaba wa wataalamu kwa namna yao. Kuanzia mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza akina bibi wa Harare, wakaketi kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati, kuwasikiliza wenye sonono na kuwasaidia kuchambua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hakuwa na shahada. Alikuwa na mafunzo, muda na masikio. Kama hilo linawezekana kwa sonono, litashindikanaje kwa mtu anayeogopa kunyanyua mkono?

Sisi tuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, tuna chuo cha fiziotherapia pale KCMC Moshi, na Wakenya wana Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Huko ndiko wanakofunzwa watakaowahudumia wagonjwa wa mikoani na kaunti. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayekaa na mgonjwa wa bega muda mrefu kuliko mtu yeyote wa hospitali. Afunzwe kuisoma hofu kama anavyofunzwa kupima nyuzi za mzunguko wa kiungo, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa huduma. Bima inayolipia upasuaji wa mamilioni kisha ikabana vipindi vya mazoezi inatupa fedha zake yenyewe.

Kila mtu na fungu lake

Tuna msemo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Kwenye uji, sawa. Kwenye bega, aulizwe. Aulizwe anaogopa nini, anategemea nini, nani atampikia, kazi yake inataka mkono ufike wapi. Lengo la mazoezi litokane na majibu hayo. "Nyuzi 120 za kunyanyua" haimwambii kitu mama lishe. "Uweze kushusha sufuria kutoka rafu ya juu" inamwambia kila kitu. Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeandika juu ya kujiamini mwaka 1977, alionyesha kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa zaidi na mambo madogo aliyoyafanya mwenyewe yakafaulu. Haba na haba hujaza kibaba: leo kufunga kifungo cha shati, kesho kuchana nywele, keshokutwa kufikia swichi ya taa. Kila kimoja kikiandikwa kwenye daftari, mgonjwa ana ushahidi wake dhidi ya hofu.

Nyumbani, fungu letu ni kubwa. Mke au mume anayemlisha mgonjwa kwa kijiko mpaka mwezi wa tatu anadhani anaonyesha mapenzi. Kwa kweli anauzika ule mkono. Amsaidie asichoweza, na amwachie anachoweza hata kama anachukua robo saa kuvaa shati. Ampangie mito alale nusu ameketi, maana usingizi nao ni tiba. Amkumbushe mazoezi bila kumgombeza. Na dua iendelee, lakini shehe na mchungaji wakumbushe kwamba dua ya bega husindikizwa na kamba ya mlangoni.

Wageni nao waje, tena waje wengi. Ila hadithi za mikono iliyokufa waziache getini. Yeyote aliyepasuliwa bega akapona aende yeye, avue shati aonyeshe kovu, anyanyue mkono mbele ya mgonjwa na aseme ukweli: iliuma, nililia, nilifanya mazoezi, sasa nachota maji. Hospitali zingekuwa na busara kuwaita watu hao siku za kliniki.

Na wewe ambaye tarehe yako ya upasuaji imeshaandikwa kwenye kadi, usiondoke kliniki kabla ya kupata majibu ya maswali manne. Nitaumwa wapi na kwa muda gani? Maumivu gani ni ya kawaida, na yapi ni ya kunirudisha hapa? Ni siku gani ninaanza kuusogeza mkono, na kwa zoezi lipi? Nimpigie nani nikiogopa? Daktari akikujibu kwa haraka, muulize muuguzi. Muuguzi akiwa na foleni, mngoje. Usione haya kuuliza mara ya pili: yeye anakwenda kupasua bega moja kati ya mengi ya wiki hiyo, na wewe ndiye utakayelirudisha kazini.